Mafuriko Rusizi: hatari kwa mzigo iko kwenye mito midogo, si darajani

RUSIZI (CYANGUGU) – Msafirishaji anayepima hatari ya mafuriko kwa kuyatazama maji ya Mto Rusizi pale darajani, kati ya Cyangugu na Bukavu, anatazama mahali ambapo jibu halipatikani. Maji ya pale hubadilika polepole mno. Mvua inaweza kunyesha usiku kucha Kamembe, na asubuhi mto ukaonekana kama ulivyokuwa jana. Wakati huohuo, mwendo wa kama saa moja kwa gari kuelekea kusini, kwenye tambarare ya Bugarama, mto mdogo ambao wageni wengi hawaujui hata jina unaweza kuwa umefunika mashamba ya mpunga, umekula kingo za barabara na kumzuia kila aliyekuwa anakwenda Kamanyola au Ruhwa.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wafanyabiashara wa pande zote za mto. Kupitia Rusizi hupita saruji, mchele, unga, maharage, nyanya, samaki na bidhaa za dukani zinazotoka bandari za mbali. Barabara ikikatika kwa siku mbili, mwenye saruji hupoteza muda, lakini mwenye nyanya hupoteza mtaji wote. Na anayelazimisha kuvuka anaweza kupoteza zaidi ya hapo.

Kabla ya kuendelea, ufafanuzi mdogo kuhusu majina. Wanyarwanda huandika Rusizi, Wakongo huandika Ruzizi. Mto ni uleule. Tangu marekebisho ya utawala ya mwaka 2006 wilaya inaitwa Rusizi, ingawa madereva wengi bado husema wanakwenda Cyangugu na kila mtu huwaelewa.

Kwa nini mto mkubwa haushtuki

Mto Rusizi hauanzii mlimani kama mito mingine ya eneo hili. Unatoka Ziwa Kivu, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,400, na ziwa hilo ni kama tangi kubwa lenye bomba dogo la kutolea maji. Ili uso wake upande kwa sentimita 10 tu, panahitajika mita za ujazo milioni 240 za maji ya ziada. Mto ukiyatoa kwa kiwango cha mita za ujazo 100 kila sekunde, itachukua karibu siku 28 kuyamaliza. Ndiyo maana mvua kubwa ya usiku mmoja haionekani darajani. Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria kule Jinja, Uganda, una tabia hiyohiyo: huinuka na kushuka kwa miezi, si kwa saa.

Zaidi ya hayo, kilomita chache kutoka ziwani kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, ambalo wenyeji huliita Mururu. Lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini yake kuna Ruzizi II, iliyoanza mwaka 1989 na kuendeshwa na SINELAC, kampuni ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mitambo hii ndiyo inayoamua maji kiasi gani yapite. Kwa watu wanaoteka maji, wanaochimba mchanga au wanaovuka kwa mtumbwi sehemu za chini, hilo lina maana moja wasiyopaswa kuisahau: mto unaweza kuongezeka hata siku ambayo hakuna tone la mvua, kwa sababu tu maji yameachiwa huko juu.

Mvua humfikia mfanyabiashara wa mjini kwa njia nyingine. Mitaro ya Bukavu na Kamembe husukuma chupa na mifuko ya plastiki hadi ziwani, na mkondo huzikokota mpaka kwenye bwawa la Ruzizi I. Mitambo imesimamishwa mara nyingi kwa ajili ya taka hizo. Umeme ukikatika, friji za samaki huzima na vinu vya unga husimama. Kwa maneno mengine, mto mkubwa humtia hasara mwenye duka la Bukavu bila kufurika hata kidogo.

Bugarama: mahali pa kuangalia

Kutoka ziwani, kwenye mwinuko wa kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Rusizi inashuka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 770, katika safari isiyozidi kilomita 120 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko katika korongo la mwanzo. Halafu ghafla mto unatokea kwenye tambarare, Bugarama upande wa Rwanda na Kamanyola upande wa Kongo. Hapo ndipo hali hubadilika, kwa sababu hapo ndipo mito inayotoka milimani moja kwa moja, bila ziwa la kuipoza, inapofika chini.

Wa kwanza ni Rubyiro. Unakusanya maji ya vilima vya kusini mwa wilaya na kuyamwaga kwenye tambarare ya mpunga kabla ya kuingia Rusizi. Wakulima wa Bugarama, Muganza na Gikundamvura wanaufahamu vizuri: mara kwa mara umefunika mashamba yao kwa maji, na mbaya zaidi kwa mchanga na tope. Maji huondoka, lakini mchanga hubaki. Kitanda cha mto kikijaa mchanga, mvua inayofuata haihitaji kuwa kubwa sana ili maji yatoke nje. Mtu anayesema "mvua ya leo ni ndogo kuliko ile ya mwaka jana" anasahau kwamba hata mto wa leo una nafasi ndogo kuliko wa mwaka jana.

Wa pili ni Ruhwa, unaotoka upande wa misitu ya Nyungwe na Kibira na kuwa mpaka kati ya Rwanda na Burundi. Kituo cha mpakani cha Ruhwa kimepewa jina lake. Huu nao ni mto wa mlimani: unaweza kuwa wa kuvuka kwa miguu mchana, na jioni ukawa unakokota magogo.

Kinachowadanganya wageni ni jua. Bugarama ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi nchini Rwanda, na mara nyingi jua huwaka huku chini wakati mvua inapiga milimani. Mawingu meusi upande wa Nyungwe ni habari ya barabara ya Bugarama, hata kama vumbi linatimka chini ya magurudumu. Maji ya milimani hayachukui siku kufika. Huchukua saa chache, na kwenye vijito vifupi hata chini ya hapo.

Eneo hili si pembezoni mwa biashara. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichofunguliwa mwaka 1984 na kupanuliwa mwaka 2015 hadi uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka, kiko hapahapa. Malori yake hupanda barabara ileile ya Kamembe. Kwa miaka mingi pia wasafiri wengi wa Bukavu waendao Uvira wamekuwa wakivuka mto, kupita Rwanda hadi Bugarama, kisha kuingia tena Kongo pale Kamanyola, ili kuikwepa njia mbaya ya mlima wa Ngomo. Kwa hiyo Rubyiro ikitoka kwenye kingo zake, safari iliyoanzia Kongo na kuishia Kongo nayo hukwama.

Mto unatoa dalili kabla ya kuja. Maji yaliyokuwa maangavu yakibadilika ghafla kuwa rangi ya udongo, huko juu kuna kilichobomoka. Vijiti, majani na migomba ikianza kuelea, maji yanapanda. Mngurumo wa mawe yanayogongana chini ya maji ni wa kuondoka papo hapo, si wa kusimama na kupiga picha. Kuna dalili moja ambayo watu huifurahia kimakosa: mto kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha milimani. Mara nyingi maana yake ni kwamba maporomoko ya udongo au magogo yameziba njia ya maji huko juu, na kizibo hicho kikiachia, maji yote huja kwa pamoja.

Lori zito halimaanishi lori salama

Madereva wengi hufanya hesabu yao kwa uzito: gari lina tani 20, maji haya hayafiki hata kwenye ekseli, twende. Hesabu hiyo ina mashimo.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuanza kulielea gari dogo. Kwenye sentimita 60 hata pikapu nyingi husukumwa. Kwa lori, kila mita moja ya ujazo ya maji inayosogezwa na umbo la gari hulinyanyua kwa nguvu ya tani moja, na ndiyo maana lori linalorudi tupu, au tangi la mafuta lisilo na kitu, huchukuliwa na maji ambayo lori lililojaa lingeyapita. Lakini hata lililojaa lina adui mwingine, nao ni barabara yenyewe. Maji ya mafuriko hula udongo chini ya lami na pembeni mwa kalvati kabla ya kuivunja lami. Juu inaonekana barabara, chini pana shimo. Uzito ambao dereva aliutegemea ndio unaomzamisha.

Kwa pikipiki na wabeba mizigo wa miguuni hakuna hesabu ya kufanya. Maji ya kahawia hayaonyeshi chini, na gunia kichwani humwondolea mtu uwezo wa kujishika.

Wakati bora wa kushuka Bugarama katika miezi ya mvua ni asubuhi. Katika eneo hili mvua nyingi huanguka alasiri na jioni. Msimu mrefu, ambao Wanyarwanda huuita itumba, ni Machi hadi Mei. Ule mwingine, umuhindo, huanza Septemba na kwisha Desemba. Tajiri anayempigia dereva simu saa kumi jioni ya mwezi wa Aprili na kumwambia "sukuma tu, ufike leo" anaweka rehani gari lake mwenyewe kwa ajili ya faida ya saa 12.

Na kuna suala la maegesho. Madereva hupenda kulala karibu na mto kwa sababu pana uwanja tambarare na maji ya kuoshea gari. Katika msimu wa mvua hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Sehemu yoyote yenye mchanga mpya, mawe ya mviringo na takataka zilizonasa kwenye matawi ni sehemu ambayo mto ulishafika. Utakuja tena.

Kilichotokea siku ya soko

Anayedhani haya ni maonyo ya kupita kiasi akumbuke wiki ya kwanza ya Mei 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua ilipiga mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Watu zaidi ya 130 walikufa, wengi wakiwa wamelala. Wilaya zilizoumia zaidi zilikuwa za kaskazini mwa Rusizi: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Kule Rubavu, Mto Sebeya, ambao ukiutazama siku ya kawaida hauonekani kuwa na nguvu ya kumtisha mtu, uliingia majumbani na kufika hadi kiwanda cha chai cha Pfunda.

Siku iliyofuata, tarehe 4, ikawa zamu ya upande wa pili wa Ziwa Kivu. Katika wilaya ya Kalehe, Kivu Kusini, mito ya milimani ilishuka na mawe na tope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walihesabiwa kuwa wamekufa, na wengine wengi hawakupatikana. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi.

Kwa wasomaji wa biashara, neno hilo moja, soko, ndilo la kulitafakari. Siku ya soko idadi ya watu kijijini huongezeka, na wanaoongezeka ni wageni. Mwenyeji anajua njia ya kupandia mlimani. Mchuuzi aliyefika asubuhi kwa mashua au kwa gari la mizigo hajui. Mwenyeji anasikia mngurumo na kukimbia. Mchuuzi anageuka kwanza kukusanya bidhaa zake, kwa sababu pale chini pana mkopo wa kikundi na ada ya shule. Halafu baada ya maafa, mwenyeji huulizwa na majirani. Mgeni hana wa kumuuliza papo hapo, kwa maana hakuna aliyeandika jina lake alipoingia sokoni.

Masoko mengi ya kanda hii yako kandokando ya mito, kwa sababu palepale ndipo penye ardhi tambarare na barabara. Hayawezi kuhamishwa yote. Lakini kikundi cha wachuuzi kinachosafiri pamoja kinaweza kufanya mambo matatu bila kutumia fedha: kumwachia mtu wa nyumbani orodha ya majina na soko wanalokwenda, kumuuliza mwenyeji mahali pa juu palipo karibu kabla ya kutandika bidhaa, na kukubaliana mapema kwamba mngurumo ukisikika, bidhaa zinaachwa. La tatu ndilo gumu. Lisipokubaliwa mapema, halitakubaliwa wakati maji yanakuja.

Njia za kuingilia na kutokea

Mafuriko ya bondeni ni nusu ya habari. Rusizi inaunganishwa na sehemu nyingine za Rwanda kwa barabara kuu mbili. Moja inapita msitu wa Nyungwe kuelekea Nyamagabe na Huye. Nyingine inafuata Ziwa Kivu kupitia Nyamasheke na Karongi hadi Rubavu. Zote mbili zimechongwa kwenye miteremko mikali, na zote mbili hufungwa mara kwa mara na maporomoko ya udongo. Kosa la kawaida ni kudhani moja ni akiba ya nyingine. Mvua inayoangusha mlima Nyungwe mara nyingi ni ileile inayonyesha Nyamasheke, kwa hiyo dereva asigeuze gari kabla ya kuuliza. Polisi ya Rwanda hutangaza barabara zinapofungwa, na namba ya dharura ni 112.

Kuelekea kusini, mwisho wa mto una tatizo la aina nyingine. Pale Rusizi inapoingia Ziwa Tanganyika, karibu na Bujumbura, kuna Gatumba, mji mdogo ulio kwenye njia ya Bujumbura na Uvira. Hapo mafuriko hayaji na kuondoka. Ziwa Tanganyika likipanda, kama lilivyofanya kufikia mwaka 2021 na tena mwaka 2024, maji ya mto hukosa pa kwenda na husambaa. Gatumba ilifurika Aprili 2020 mto ulipovunja kingo, na mwaka 2024 watu waliishi ndani ya maji kwa wiki nyingi. Aprili hiyohiyo ya 2020 mji wa Uvira nao ulipigwa, si na Rusizi bali na mito ya milimani ukiwemo Mulongwe. Makumi ya watu walikufa na daraja likaharibiwa. Ndiyo picha ileile ya Bugarama: mto mkubwa unapita pembeni, mto mdogo unaua.

Hali ya kisiasa imeongeza ugumu. Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na Bukavu na Kamanyola ziliingia mikononi mwa M23 Februari 2025. Mambo ya aina hii hubadilika, na anayesafiri ataulizia siku ya safari. Lakini athari moja kwa habari za mafuriko iko wazi: mtu aliyezoea kupigiwa simu na mwenzake wa ng'ambo hana uhakika kama mwenzake bado yuko palepale. Rwanda, Burundi na Kongo zina mamlaka ya pamoja ya bonde la Ziwa Kivu na Mto Ruzizi, ABAKIR. Ni chombo chenye maana kwa mipango ya muda mrefu. Dereva aliye barabarani saa mbili usiku bado anategemea simu ya mtu anayemfahamu.

Mzigo, karatasi na bima

Ghala la Bugarama au Kamanyola lililojengwa chini usawa wa barabara ni ghala la mchezo wa bahati. Asiye na jingine angalau ainue mzigo kwenye vichanja vya mbao. Sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni huokoa saruji kutokana na unyevu wa kila siku, ingawa hazitoshi kwa mafuriko yenyewe. Mifuko ya chini ndiyo hufa kwanza, kwa hiyo ni busara kuweka chini kile kinachovumilia maji, kama mabati na jeri kani zilizofungwa, na kupandisha unga, sukari na saruji juu. Wengi hupanga kinyume, kwa sababu mfuko wa saruji ni mzito kuunyanyua.

Mchele au maharage yaliyofunikwa na maji ya mafuriko yasianikwe na kuuzwa. Maji hayo yamepita kwenye vyoo. Tambarare ya Ruzizi na Uvira ni eneo ambalo kipindupindu hakiishi, na mama anayeuza chakula stendi asichote maji ya kuoshea vyombo mtoni baada ya mvua bila kuyachemsha au kuyatia klorini.

Kwa mzigo wa transiti, dereva mara nyingi hukwama kati ya maji na sheria. Mzigo umefungwa kwa lakiri ya forodha, maji yanapanda, utingo anataka kupakua. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu kuvunja lakiri wala kushusha mzigo huo bila ruhusa ya afisa wa forodha. Kinachotakiwa ni kutoa taarifa mara moja: kwa wakala wa forodha, kwa ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu, na kwa polisi, huku picha za gari, lakiri na maji zikipigwa pamoja na saa. Kuokoa maisha kunatangulia karatasi, na hakuna mtu wa kuacha kwenye kabati la lori kwa ajili ya lakiri. Lakini anayevunja kimya kimya kisha kueleza wiki moja baadaye atapata shida kuaminiwa, hata kama alikuwa na haki. Vilevile muda wa transiti ukikaribia kwisha kwa sababu barabara imekatika, taarifa itolewe kabla haujaisha.

Kuhusu bima kuna kutoelewana kukubwa. Wasafirishaji wengi huonyesha Kadi ya Njano ya COMESA na kudhani wamekingwa. Kadi hiyo hushughulikia madhara ambayo gari limewasababishia watu wengine katika nchi wanachama. Hailipi saruji iliyolowa, wala lori lililobebwa na Rubyiro. Mzigo unahitaji bima ya mzigo, na gari linahitaji bima yake kubwa, na katika mikataba yote miwili swali la kuuliza ni moja kabla ya kutia saini: mafuriko yamo au yameondolewa? Pia kuna makampuni yanayokataa kulipa dereva anapoingia kwa makusudi kwenye maji yaliyokwisha kufunika barabara. Ni vizuri dereva ajue kipengele hicho kama tajiri anavyokijua.

Mchuuzi mdogo hana bima yoyote kati ya hizo. Kinga yake ni kutoweka mtaji wote kwenye safari moja ya mwezi wa Aprili, na kuweka daftari la madeni, kitambulisho na kibali cha kuvukia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mwilini, si kwenye beseni la bidhaa. Daftari la madeni likilowa, wadaiwa nao husahau.

Wapi pa kupata habari

Meteo Rwanda hutoa utabiri wa kila siku na wa siku 10 kumi, unaoonyesha kiasi cha mvua kinachotarajiwa kwa kila sehemu ya nchi. Ule wa siku 10 ndio unaomfaa mwenye kupanga mizigo. Ule wa siku moja unamfaa dereva. Kwa msafirishaji wa Bugarama, sehemu ya ramani ya kuangaliwa ni ile ya milima ya Nyungwe, kwa sababu ndiyo inayoamua maji ya tambarare. Redio za eneo hili husoma matangazo hayo, na upande wa Kongo Radio Okapi hutangaza pia kwa Kiswahili. Wizara ya Rwanda inayoshughulikia maafa, MINEMA, nayo hutoa maonyo kupitia viongozi wa vijiji, na mara nyingi taarifa hizo hufika kijijini kabla hazijafika kwa dereva aliye njiani.

Kwa hiyo madereva wazoefu husimama Kamembe kabla ya kushuka, wakanywa chai, na kumpigia mtu aliye Bugarama, awe muuza mafuta, mlinzi wa ghala au mkulima wa mpunga. Humuuliza mambo mawili tu: Rubyiro ina rangi gani sasa hivi, na gari la mwisho kupita kutoka huko limepita saa ngapi.